Ufundi wa Kufundisha Historia Inayouma

Kila aliyesoma Historia na Serikali katika mfumo wa 8-4-4 anaikumbuka ile mada ya Kidato cha Pili kuhusu namna jamii za Kenya zilivyoupokea ukoloni wa Mwingereza. Jamii zimegawanywa mafungu matatu. Wanandi, Wabukusu, Wagiriama na Wasomali walipinga. Wamaasai na Wawanga walishirikiana. Wakamba, Wakikuyu na Waluo walifanya yote mawili. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo, huiandika kwenye mtihani, hupata alama zake, na mambo huishia hapo.

Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, mambo hayaishii hapo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 katika mji huu. Ya 2019 ikakuta zaidi ya 154,000. Viunga vyake vimesambaa juu ya nyika ambayo hadi mwaka 1988 ilikuwa malisho ya pamoja ya Wamaasai wa Ilkaputiei. Darasani, mtoto ambaye babu yake aliandikwa katika daftari la ranchi ya kikundi anakaa dawati moja na mtoto ambaye wazazi wake walitoka Kisii, Murang'a au Machakos wakanunua hamsini kwa mia. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba Wamaasai "walishirikiana" na Mwingereza, kuna uso unaoinama. Akiandika kwamba Wamaasai walipokonywa ardhi yao na wageni, kuna uso mwingine unaoinama. Mwalimu anayeweza kupita hapo katikati, akausema ukweli wote bila kumfanya mtoto yeyote mshtakiwa au shahidi wa kabila lake, huyo ni fundi, na ufundi wake unastahili kuangaliwa kwa utulivu jinsi tunavyouangalia ufundi wa mkono.

Nimebahatika kukaa nyuma ya darasa la mmoja wao, katika sekondari ya kutwa. Wanafunzi humwita Madam, nami nitamwita hivyo. Simtaji jina kwa sababu anayoyafanya yeye hufanywa na wenzake wengi kutoka Isinya hadi Namanga, na sifa hizi ni zao wote.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba Madam haanzi na orodha. Anaanza na reli. Anachora ubaoni mstari kutoka Mombasa, anaupitisha Nairobi, anaushusha Bonde la Ufa, Naivasha, Nakuru, anaufikisha Kisumu, na pembeni anaandika 1901. Kisha anauliza gharama ya reli hiyo ingelipwa na nani. Wanafunzi wanataja pembe, wanataja kahawa, hatimaye mmoja anataja walowezi. Ndipo anapopaka chaki ya rangi kwenye Naivasha na Nakuru na kuwauliza ni mifugo ya nani iliyokuwa ikinywa maji huko.

Halafu anarudi nyuma miaka kumi. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe, ndui na njaa vikafyeka watu, na wana wawili wa Mbatiany, laibon au kiongozi wa kidini wa Wamaasai, yaani Olonana na Senteu, wakawa vitani wakigombea nafasi ya baba yao. Hapo mwalimu asiye mzoefu angeuliza, "Wewe ungekuwa Olonana ungefanya nini?" Madam haulizi hivyo hata siku moja. Swali lake ni, "Olonana alikuwa na njia zipi?" Tofauti ni kubwa. Swali la kwanza linamlazimisha mtoto avae nguo za mtu mwingine, na mtoto wa Kimaasai hulivaa vazi hilo kwa uzito zaidi kuliko jirani yake. La pili linawafanya wote wawe watafiti. Wanahesabu njia: kupigana bila mifugo wala chakula, kuhama, kungoja, kufanya urafiki na mwenye bunduki. Neno "walishirikiana" bado halijatamkwa, na tayari limeanza kupata mwili.

Kipindi kinachofuata ni cha karatasi. Madam amenakili vifungu vya mkataba wa Agosti 1904, ule uliotiwa saini na Kamishna Donald Stewart kwa upande mmoja na Olonana na viongozi wenzake kwa upande wa pili. Kila kundi la wanafunzi watano linapata kifungu kimoja tu. Mkataba huo uliwaondoa Wamaasai Bonde la Ufa na kuwagawa pande mbili: kaskazini Laikipia, na kusini katika nchi ambayo leo ni Kajiado. Kundi moja linasoma kwamba kutakuwa na njia ya upana wa nusu maili ya kuunganisha pande hizo mbili, yenye maji ya kunyweshea mifugo. Kundi la pili linasoma kwamba maili tano za mraba zitabaki mikononi mwa Wamaasai kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. La tatu linasoma kwamba makubaliano hayo yatadumu kwa muda wote ambao Wamaasai watakuwepo duniani.

Swali la Madam ni moja kwa makundi yote: "Aliyeomba kifungu hiki aliogopa nini?"

Hapo darasa huchemka. Walioomba njia waliogopa ndugu kutenganishwa na ndugu. Walioomba Kinangop waliogopa kwamba vijana wangekosa mahali pa kutahiriwa na marika yangekatika. Walioomba muda usio na mwisho walikuwa wameshaonja ahadi za muda mfupi. Katika dakika ishirini, watoto wa makabila sita au saba wamewatambua watu wa mwaka 1904 kuwa watu wenye akili timamu, waliojadiliana kwa hadhari wakiwa katika hali mbaya. Madam hakuwaambia. Alipanga karatasi, akapanga swali, akakaa kando. Kukaa kando huko ndiko kunakomchosha mwalimu, maana jibu analo mdomoni na inambidi alimeze.

Kisha unakuja mwaka 1911. Olonana alifariki mwezi Machi, na mwezi uliofuata mkataba mwingine ukatiwa saini, chini ya Gavana Percy Girouard, wa kuwaondoa Wamaasai Laikipia na kuwapeleka wote kusini. Serikali ilieneza habari kwamba huo ulikuwa wosia wa Olonana alipokuwa akikata roho. Madam anauliza, "Nani aliyasikia maneno hayo, na aliyeyaandika alikuwa anataka nini?" Swali hilo ni jembe la mwanahistoria popote pale, na anawakabidhi watoto wa miaka kumi na sita. Anawaeleza jinsi msafara wa kwanza ulivyokwama katika baridi na mvua za Mau, watu na mifugo wakafa, ukasimamishwa, ukaanza tena mwaka 1912 na kumalizika 1913.

Hapo ndipo anapoleta kesi. Upande wa Laikipia, kiongozi Parsaloi Ole Gilisho alikuwa ameupinga uhamisho huo. Yeye na wenzake wakamchukua wakili Mwingereza, Alexander Morrison, wakaishtaki serikali katika Mahakama Kuu, mlalamikaji wa kwanza akiwa Ole Nchoko. Walidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa bado hai. Mwaka 1913 mahakama iliitupa kesi, na rufaa nayo ikatupwa mwaka huo huo. Sababu waliyopewa ni kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mwingereza. Walikuwa taifa la kigeni, na mkataba kati ya mataifa mawili hauwezi kuamuliwa na mahakama ya kawaida.

Siku niliyokuwepo, kijana mmoja wa dirishani aliinua mkono kabla Madam hajamaliza sentensi.

"Madam, kama walikuwa nchi nyingine, nani alikuwa na mamlaka ya kuwaambia wahame?"

Madam hakujibu. Aliandika swali hilo ubaoni neno kwa neno, akaandika tarehe chini yake, akawaambia walinakili. Nimewahi kuona majaji wa siku zetu wakilizungukia swali hilo hilo. Kijana alilipata kwa sababu alipewa ushahidi kwa mpangilio mzuri na hakuna mtu aliyemharakisha.

Sasa, na sasa tu, ndipo orodha ya silabasi inapochorwa ubaoni. Madam anawauliza wamweke wapi Olonana, wamweke wapi Ole Gilisho, na kama jamii nzima inaweza kutoshea fungu moja. Hawadanganyi kuhusu mtihani. Anawaambia wazi msahihishaji atataka nini, na anawafundisha kukiandika vizuri, kwa kuwa mtoto wa mama mboga hana alama za kupoteza. Lakini anawafundisha pia kwamba jibu la mtihani na uzito wa ushahidi ni vitu viwili, na mtu aliyesoma anavibeba vyote. Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 utafanywa mwaka 2027. Gredi ya 10 ya mtaala wa umilisi ilianza Januari 2026, na somo la Historia na Uraia linatarajia mwanafunzi achunguze badala ya kukariri. Walimu wa aina ya Madam wamekuwa wakilifanya hilo kabla mtaala haujawaagiza.

Kuna swali lake jingine ambalo wanafunzi wamelizoea hata huulizana wenyewe uwanjani: "Nani hasa?"

Mtoto akisema, "Wazungu walichukua ardhi," Madam anauliza, nani hasa? Basi wanatafuta. Lord Delamere alipata eka 100,000 kule Njoro. Girouard aliusukuma uhamisho wa Laikipia. Lakini pia daktari wa serikali, Norman Leys, alipeleka habari London kuupinga, na akaondolewa nchini kwa sababu hiyo. Mtoto akisema, "Watu wa kuja walinunua mashamba yetu kwa bei ya kutupa," swali ni lile lile, nani hasa? Nani aliuza, nani alikuwa broka, nani alikaa kwenye kamati, nani alitia saini? Na mtoto wa upande wa pili akisema, "Wamaasai waliuza wenyewe," anaulizwa, nani hasa? Mama alikuwemo? Vijana wa moran walikuwemo? Katika darasa hilo neno "nyinyi" halitumiki kuzungumzia jambo lililotendeka kabla ya mtu kuzaliwa. Kanuni hiyo imebandikwa ukutani kwa maandishi ya kalamu ya mkono, na sijawahi kuona sheria ya darasa inayofanya kazi kubwa hivyo.

Kwa "Nani hasa?" ndivyo anavyoweza kufundisha hata yale ambayo walimu wengi huyaruka. Oktoba 1993, kule Enoosupukia katika Narok, familia za Wakikuyu zilifukuzwa kwenye mashamba yao, watu wakauawa na nyumba zikachomwa, na waliofukuza walikuwa Wamaasai waliochochewa na wanasiasa. Miaka kumi na minne baadaye vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Darasa lililolia pamoja na waliofukuzwa Laikipia mwaka 1911 linatakiwa sasa limtazame aliyefukuzwa Enoosupukia kwa jicho lile lile. Ni mtihani mgumu kuliko KCSE. Madam huuweka mwisho wa muhula, baada ya wanafunzi kuzoeana na ushahidi, na hatumii picha za maiti wala video. Anatumia ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa rais mwezi Mei 2013, kurasa chache alizozichagua kwa uangalifu.

Historia ya karibu ina ugumu wake. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za kikundi, na Wamaasai wa Ilkaputiei wakawa miongoni mwa wa kwanza kuzipata. Ranchi ya Kitengela, yenye hekta zipatazo 18,000, iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama wake zaidi ya 200. Miaka miwili baadaye eneo la EPZ, la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, likaanzishwa Athi River, viwanda vikavuta vibarua, vibarua wakahitaji nyumba, na eka zikaanza kukatwa vipande.

Kwa sura hii Madam huleta mzee. Mzee akiingia, watoto wa Kimaasai huinamisha vichwa ili awaguse utosini, na nimeona wa makabila mengine wakipanga foleni nao, maana wamekulia hapa. Mzee anapewa sharti moja kabla hajaketi: asimulie aliyoyaona kwa macho yake, aliyoyasikia kwa wengine aseme ameyasikia. Maswali yameandikwa siku iliyotangulia na kuchambuliwa na darasa zima. Mzee aliyekuja nikiwepo alisimulia ukame wa 1960 na 1961 ulioua ng'ombe wa baba yake, akasimulia siku ya kupima mipaka, na akaonyesha kwa mkono, kupitia dirishani, pale nyumbu walipokuwa wakipita kutoka mbuga ya Nairobi. Leo pana ghorofa.

Msichana mmoja akasimama. "Mzee, shikamoo. Ranchi ilipogawanywa, shosho aliandikwa?"

"Marahaba, mwanangu. Aliandikwa mume."

"Na mume akiuza?"

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama aliambiwa baadaye. Hiyo haikuwa haki." Madam aliacha maneno hayo yakae. Hakuyafafanua, hakuyapamba, hakumwokoa mzee wala hakumshinikiza. Wiki iliyofuata aliwaletea kifungu cha Katiba ya 2010 kinachotaja haki ya kijamii miongoni mwa maadili ya taifa, na sheria zinazodai ridhaa ya mke au mume kabla ardhi ya familia haijauzwa. Ushahidi kwanza, sheria baadaye. Mtoto aliyeona pengo kwa macho yake huielewa sheria iliyokuja kuliziba.

Yapo mambo ambayo hayawezi kuulizwa kwa kusimama. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na mwaka 2014 wanawake waliandamana Kajiado kuipinga sheria hiyo. Katika darasa lolote la kaunti hii huenda kuna msichana aliyepitia, aliyekimbia, au ambaye mama yake aliandamana. Madam ana sanduku la kadibodi. Kila mwanafunzi, bila kubakiza hata mmoja, anapewa kipande cha karatasi na penseli ya aina moja, anaandika swali, anakunja mara mbili, anatumbukiza. Asiye na swali anaandika "sina swali". Kwa hiyo hakuna anayeonekana kuandika kwa sababu wote wanaandika, na hakuna mwandiko wa kalamu ya rangi utakaomfichua mtu. Maswali anakwenda kuyasoma nyumbani, anayajibu kesho yake kwa utaratibu wake, na linaloashiria hatari haliletwi mbele ya darasa. Linakwenda kwa mwalimu wa ushauri na, ikibidi, kwa ofisi ya watoto. Ulinzi wa aina hiyo si mpya Kajiado. Priscilla Nangurai, alipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya AIC Kajiado, aliwapokea wasichana waliokimbia ndoa za mapema wakati ambapo jambo hilo lilimletea maadui. Mwalimu wa haki anajua kwamba somo lake linaweza kubisha hodi usiku.

Wapo wanaosema mambo haya yaachwe, watoto wasome kwa amani. Nchi jirani ya Rwanda ilijaribu ukimya: baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ufundishaji wa historia ya nchi ulisitishwa shuleni kwa miaka mingi, kwa kuwa haikujulikana uanzie wapi. Ninawaelewa. Lakini mwishowe Wanyarwanda walirudi kuifundisha, kwa sababu mtoto asiyefundishwa na mwalimu hufundishwa na uvumi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kitengela kuna uvumi wa kila aina kuhusu nani aliibia nani, na kila baada ya miaka mitano kuna mwanasiasa aliye tayari kuutumia. Darasa la Madam ni miongoni mwa mahali pachache ambapo uvumi huo unaulizwa "Nani hasa?" na unalazimika kujibu.

Anachokihitaji mwalimu wa aina hii hakizidi uwezo wetu. Anahitaji vipindi visivyoporwa na marudio ya mitihani. Anahitaji nakala za mikataba ya 1904 na 1911, na kurasa za ripoti ya 2013, zilizochapwa kwa lugha nyepesi. Nyaraka za aina hiyo ziko Nairobi, mwendo wa saa moja kwa matatu. Anahitaji mwalimu mkuu atakayesimama naye mzazi mmoja akija na hasira. Haya yako mikononi mwa bodi za shule, wizara, na serikali ya kaunti.

Lililo mikononi mwako wewe mzazi ni jepesi zaidi. Mtoto wako atakuja nyumbani siku moja na daftari, akuulize ploti hii ilikuwa ya nani kabla yenu, mliipataje, na kwa shilingi ngapi. Kama uliuza, atakuuliza kwa nini. Usimfukuze, na usimtungie. Mweleze ulivyoona kwa macho yako, umwonyeshe karatasi ulizo nazo, na usilolijua umwambie hulijui. Mwalimu ameshafanya sehemu yake.